Mguu wa Mbele wa Transifoma

Jumamosi, alasiri. Mvua imetoka upande wa msitu ikiwa na hasira, na mabati yanapigwa hadi sisikii hata mawazo yangu mwenyewe.

Niseme mapema, usije ukasikia kwa watu wengine wakaniharibia: katika kaunti hii yote ya Kakamega, kuanzia hapa Shinyalu hadi kule Likuyani kwenye mahindi, hakuna mtu mwenye jicho kama langu. Wapo madaktari wa mifugo wenye vyeti ukutani. Wapo wazee ambao fahali akikohoa wanajua amekula nini. Lakini jana fahali mzima, mwenye nundu kama gunia la makabichi, ameokolewa na penseli, na penseli hiyo ilikuwa mkononi mwangu. Gavana akipata habari, sitashangaa akinitumia gari.

Ila sina furaha.

Dada yangu Rasoa hajanipigia simu tangu jana. Ndiyo maana naandika hapa, kwa kidole kimoja, kwenye hii blogu, shajara yangu, aliyonifungulia binti yangu ili, kwa maneno yake, nipunguze kuwachosha watu wa nyumbani.

Nianze na kuchora, kwa sababu mambo yote yameanzia hapo.

Shule niliiacha darasa la sita. Kuchora sikufundishwa na mtu. Nikiwa mdogo nilichora jogoo kwenye ukuta wa jikoni kwa makaa, na jogoo wa jirani akaja kupigana naye hadi akapinda mdomo. Anayebisha aje, nitamwonyesha ukuta. Tangu hapo sijaacha. Ninachora kila siku, vitu vidogo vidogo: sufuria iliyofunikwa, mke wangu akichambua mboga, pikipiki iliyolazwa chini ikingoja spea, mzee aliyesinzia kwa kinyozi nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Muda wa kunywa kikombe cha chai, basi. Siku nisipochora nakuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso.

Vifaa vyangu ni vya kizamani na sitaki vingine. Penseli yangu ni ile bapa ya seremala, na naichonga kwa kisu. Kichongeo sikitaki, kinakula penseli kama mchwa. Kwa kisu unaichonga taratibu, maganda yanaanguka kwenye paja, harufu ya mti inatoka, na kabla hujachora chochote moyo umeshatulia. Nina kalamu ya nibu ya marehemu baba yangu, aliyekuwa karani wa chifu. Unaichovya kwenye wino, inakwaruza karatasi kama panya mwenye adabu. Makaa natengeneza mwenyewe. Natwaa vijiti vya mpera, navifungia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, natoboa kifuniko tundu moja, natia motoni hadi moshi ukome. Karatasi ni migongo ya kalenda zilizopitwa na wakati. Na raba yangu ni obusuma. Ndiyo, ugali. Ule uliolala, ukiufinyanga hadi ukawa laini, unanyonya makaa kwenye karatasi bila kuichubua. Niliugundua mwenyewe, na siku wazungu watakapojua watauza kwa pakiti.

Mpwa wangu Shivachi ananiambianga, "Si upige picha na simu tu?" Nimejaribu. Simu inamaliza kazi kabla mimi sijaanza kuangalia. Penseli inanikalisha chini. Nikichora sikio la ng'ombe, jioni naweza kukuambia nywele zake zimelala upande gani.

Sasa tufike kwa Transifoma.

Transifoma ni fahali wa shemeji yangu Lihanda, mume wa Rasoa. Alipewa jina hilo baada ya kujikuna kwenye nguzo ya stima iliyobeba transifoma na kijiji kikalala giza. Watu wanasema usiku mmoja. Mimi nasema wiki, na nilikuwepo. Lihanda amemlea tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama, akimnywesha maziwa kwa chupa ya soda, na hata leo akimwita anakuja kama mtoto. Leo asubuhi fahali huyu alitakiwa kukutana kiwanjani na fahali wa watu wa Ikolomani.

Kwetu huku fahali kupigana ni sherehe, kuna ngoma za isukuti, kuna filimbi, vijana wanamsindikiza na matawi wakiimba. Lakini kando ya kiwanja huwa pia kuna wachinjaji wamesimama kimya na kamba. Fahali akivunjika harudi nyumbani. Anarudi kilo kilo.

Na boma la Lihanda lina mwiko. Wiki ya mwisho kabla ya pambano, mtu asiye wa boma hasimami kumtazama fahali. Ukipita unainamisha macho. Hata kumsifu hapana. Sasa kama kutazama ni kosa, kumchora ni kitu gani? Tena mimi si mtu wa kupita. Kwa watoto wa Rasoa mimi ni khotsa, ndugu wa mama yao, na khotsa kwetu ni mzito. Akibariki, umebarikiwa. Akinung'unika hata kwa mdomo uliofungwa, kuku wanaacha kutaga. Ndiyo maana nikienda pale nachinjiwa ingokho, kuku mzima, na wakati wa kuondoka naulizwa tena na tena kama nimeshiba kweli.

Mwiko niliujua vizuri.

Nikamchora.

Kila asubuhi wiki hii nilijipenyeza kwenye majani ya nepia nyuma ya zizi, kalenda kwenye ubao, makaa mkononi. Mpango wangu ulikuwa wa kiungwana. Ningechagua picha moja kubwa, niifanyie fremu, na leo Transifoma akiingia kiwanjani, picha yake ingeinuliwa juu ya vichwa vya watu, na kila mtu angeuliza imechorwa na nani.

Jumatatu mguu wa mbele wa kushoto ulikataa. Mwili ulitoka vizuri, shingo, pembe, lakini ule mguu ukatoka umekunjika, kwato ikigusa chini kwa ncha tu, kama mtu anayepima maji ya moto. Nikasema mkono wangu umelala. Nikafuta kwa ugali, nikauchora wima, kama mguu wa fahali wa vita unavyopaswa. Jumanne ukatoka tena umekunjika. Nikafuta tena. Jumatano hivyo hivyo, nami nikaanza kuulaumu ugali.

Alhamisi jioni nikazipanga picha zote kitandani ili nichague. Ukifuta makaa hayaishi kabisa, yanabaki kama kivuli. Na chini ya kila mguu mzuri niliounyoosha, ule mguu wa kweli ulikuwa bado unaonekana, umekunjika, siku baada ya siku.

Nikakaa kitandani. Mke wangu akauliza kama naumwa na tumbo.

Fikiria nilivyobanwa. Nikinyamaza, Transifoma anaingia kiwanjani na miguu mitatu na anaishia kwenye kamba ya mchinjaji. Nikisema, lazima nieleze nimejuaje, na kueleza nimejuaje ni kukiri nimevunja mwiko wa boma alikoolewa dada yangu.

Jana asubuhi nikaenda. Kalenda nilizikunja nikazificha ndani ya koti.

Niliwakuta wamechangamka. Vijana wanawamba ngoma juani. Shivachi, ambaye ndiye mwana mkubwa wa Rasoa na kiongozi wa wasindikizaji, alikuwa anakwangua pembe za Transifoma kwa kipande cha chupa ili ziwe kali. Rasoa alikuwa kwenye moshi wa jikoni. Lihanda akanipa mkono.

"Karibu, shemeji. Mbona umevaa koti na jua lote hili?"

"Shemeji," nikasema, "huyu asiende kesho. Mguu wa mbele wa kushoto unamuuma."

Akacheka. "Nani amekuambia? Yeye mwenyewe?"

Nikatoa kalenda nikazitandaza kwenye nyasi.

Shivachi akaacha kukwangua. "Khotsa! Kumbe ni wewe uko kwenye nepia kila asubuhi? Sisi tulikuwa tunasema ni mbwa wa jirani anakujanga kujisaidia!"

Vijana wakaanguka kwa kicheko. Lihanda hakucheka. Alichuchumaa, akatazama picha moja, akatazama nyingine, na niliona uso wake ukibadilika kama maziwa yanapoganda.

"Umemchora mguu ukiwa mbovu," akasema polepole. "Tangu Jumatatu. Wewe, khotsa wa watoto wangu. Halafu unakuja kuniambia mguu ni mbovu."

"Nimechora nilichoona."

"Ulichoona au ulichotaka? Juzi ulikuwa Ikolomani unakunywa chai kwao. Usinidanganye, umeonekana."

"Chai tu! Tena haikuwa na sukari!"

Rasoa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Lihanda, huyo ni ndugu yangu."

"Najua ni ndugu yako," akasema Lihanda. "Ndiyo maana naogopa."



Wakamzungusha Transifoma uani. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua ya juzi, naye akatembea vizuri tu, kichwa juu, anavuma. Fahali ni kama mwanamume, mbele ya watu hachechemei. Vijana wakanitazama. Mmoja akasema nimetumwa. Mwingine akasema nimelipwa ng'ombe mzima. Ningelipwa ng'ombe, ningekuja kwa miguu?

Kisha Lihanda akatoa hukumu. "Mchore tena. Hapa, mbele yetu. Mchore mguu ukiwa umesimama wima. Ulichokifunga, kifungue. Na hizi nyingine zitaenda motoni."

Shajara yangu, hapo ndipo palipokuwa na mtego.

Kwa sababu ilikuwa rahisi mno! Mstari mmoja tu ulionyooka. Ningeuchora, Lihanda angepumua, Rasoa angerudi kwenye ugali wake, vijana wangeimba, nami ningechinjiwa kuku. Na kesho yake fahali akianguka, nani angenilaumu? Nimemchora mzima! Na nikikataa, basi mimi ndiye niliyemfunga kwa laana, na nisingeingia tena kwenye lango lile, wala kwa harusi wala kwa matanga. Rasoa alinitazama vile alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo, nikiwa nimepanda mti na tawi limeanza kulia.

Wakaniletea kigoda. Wakakiweka karibu, si mbali kama kule kwenye nepia. Karibu kiasi kwamba niliona nzi kwenye kope zake. Nikachonga penseli yangu kwa kisu, na kwa mara ya kwanza maishani harufu ile haikunituliza.

Nikaanza na mgongo. Nundu. Shingo. Pembe mbili, moja ikiwa imeshakwanguliwa na nyingine bado. Miguu ya nyuma. Watu walikuwa wamenizunguka, wanapumulia karatasi. Mguu wa mbele wa kulia. Nikauacha ule wa kushoto kuwa wa mwisho.

Nikavuta pumzi, nikauchora. Umekunjika, kwato kwenye ncha.

Nikampa Lihanda.

"Nilikuambia wima," akasema.

"Penseli hii haijui uongo, shemeji."

Mtu akapiga kelele, "Ameongeza! Amemfunga mara ya pili!" Shivachi akanishika kola. Mpwa wangu niliyembeba mgongoni, akanishika kola! Nikasema leo ndio leo, wataniandikia tanzia.

Ni Rasoa aliyeichukua ile picha. Aliishika mbele yake kwa mikono miwili, akamtazama fahali, akaitazama picha, akamtazama fahali.

"Baba Shivachi," akasema, "njoo uone. Hata sasa. Hata sasa hivi amesimama hivyo hivyo."

Lihanda akaja. Nadhani alikuwa hajamtazama miguu wiki nzima. Mwenye fahali anatazama pembe. Akaitazama picha juu ya bega la Rasoa, akamtazama fahali. Kisha akamwambia Shivachi aniachie akashike kamba. Akapiga goti kwenye tope, akainua kwato.

Katikati ya ule mpasuko palikuwa na udongo mgumu. Akauchokora kwa kidole gumba. Transifoma akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa fahali, akamtupa Lihanda hadi kwenye ngoma. Usaha ukatoka, na harufu, na kipande cha waya wa ua kilichokuwa kimezama ndani. Kuku walikimbia.

Lihanda akarudi kwa magoti, akaukumbatia ule mguu. "Kumbe unaumwa," akamwambia, "na mimi nakunoa pembe."

Niligeuka nikatazama migomba, wasiyaone macho yangu.

Mtu angedhani baada ya hapo nilibebwa juu juu. Wapi! Vijana walikuwa wameshakula, wameshawamba ngoma, wameshatangaza hadi Khayega. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Daktari wa mifugo akaitwa, akachoma sindano, akasema Transifoma angeingia kiwanjani na mguu ule, ungevunjika mapema. Lihanda akanisindikiza hadi langoni, tope hadi kifuani.

"Asante, shemeji," akasema. "Lakini usichore tena kitu cha boma langu bila kunieleza."

Na picha akazitia motoni. Zote, hata ile ya mwisho. Nilisimama nje ya ua nikaona moshi wake. Sikumwuliza kwa nini. Mtu anaweza kuuona waya kwa macho yake na bado aogope mkono uliouchora mguu.

Leo asubuhi nilienda kiwanjani, kwa sababu mwanamume hajifichi. Watu wa Ikolomani walizunguka na fahali wao bila mpinzani, wakiimba wimbo walioutunga papo hapo, kuhusu fahali wa Shinyalu aliyetishwa na penseli. Shivachi alikuwa ng'ambo, mikono mfukoni. Nilimpungia. Akatazama mawingu. Na pale wachinjaji waliposimama, mmoja alikuwa anaikunja kamba yake anairudisha kwenye mfuko wa nailoni, na nikaitazama ile kamba hadi mvua ikaanza.

Lakini wazee kadhaa walinijia. Mmoja alinishika bega akasema kitendo kile kilihitaji kifua, kukataa uongo mbele ya watu wengi vile, na kola imeshikwa. Nikamwambia ndivyo tulivyolelewa. Akaniomba nisimulie. Nikasimulia. Mara ya pili Transifoma alikuwa ameongezeka urefu na vijana walikuwa na mapanga.

Sasa nimekaa hapa, mvua inapungua, na kuna kitu kinanikwaruza.

Nimeandika kwamba nilivuta pumzi nikauchora mguu umekunjika. Huko nje wameshaanza kuisimulia hivyo, na sitawasahihisha. Ila wewe, shajara, hunisemi kwa kinyozi.

Nilikuwa nimeamua kuuchora wima.

Nilishaanza, kutoka begani, mstari umenyooka vizuri kama uzi wa fundi. Ndipo Transifoma akageuza kichwa akanipumulia shingoni, pumzi nzito, ya moto, yenye mate, nikafumba macho, na mkono wangu ukaruka wenyewe. Nilipofungua macho kwato ilikuwa imeshatua kwenye ncha, na penseli ya seremala haifutiki kirahisi mbele ya umati. Nikakohoa. Nikampa Lihanda kwa sauti ya mtu aliyekusudia.

Mimi ninaogopa ng'ombe.